Siku ya Tatu, Utumbo wa Mama Anjela Bado Umelala

Ifakara, Jumatano, masika ya 1956

Mvua imeanza kabla ya kengele ya misa na mpaka sasa haijakata. Nimekaa barazani, nje ya wodi ya wanawake, daftari juu ya goti, miguu imelowa.

Juzi daktari wa misheni aliniita ndani nimweleze utumbo ulivyo, maana bonde zima linajua hakuna anayeyajua matumbo kama mimi.

Haya, ni uongo. Aliniita niandike jina langu kwenye karatasi ya ruhusa ya kumpasua mke wangu. Nilikosea mara mbili. Nikasingizia kalamu.

Lakini matumbo kweli nimeyashika. Kwetu Katindiuka, iwe harusi au msiba, mnyama akishachinjwa mimi ndiye ninayeitwa kutoa vya ndani. Naifuata njia yote kwa vidole: koo, tumbo kubwa lenye vinyweleo kama taulo, utumbo mwembamba usiokwisha, utumbo mpana, mpaka ule mlango ambao siutaji kwa kuwa masista wanapita hapa. Utando wa mafuta unaofunika matumbo kama shela ya bibi harusi naviringishia ini, nachoma, nakula. Na ule mwingine wenye marinda, unaoushikilia utumbo mgongoni, nauchana kwa mkono mmoja nawatupia mbwa. Niliona ni gundi tu.

Ijumaa Mama Anjela alishikwa na tumbo akiwa anapepeta mpunga. Likavimba, likawa gumu kama ngoma. Akatapika kijani. Majirani wakasema apelekwe misheni. Nikawacheka. Nikasema utumbo umejikunja, na fundi wake ni mimi. Nikamnywesha mafuta ya nyonyo, nikamlaza chali, nikamkanda siku mbili, nasukuma huku, navuta kule, kama ninavyonyoosha utumbo wa mbuzi kwenye beseni.

Alinivumilia. Jumapili jioni akaniambia taratibu, "Baba Anjela, mimi si mbuzi."

Jumatatu kulipokucha vijana wanne wakambeba kwa kitanda, matope mpaka magotini. Wakati yuko ndani anapasuliwa, dresa mmoja, yaani mfunga vidonda wa hapa, Mpogoro mwenye maneno mengi kama mimi, alichukua kanga ya mke wangu niliyokuwa nimeikumbatia. Akakusanya upande mmoja kwenye ngumi, mwingine ukaning'inia.

"Tazama, babu. Ngumi yangu ni mgongo. Haya marinda ni ule utando. Pindo hili la chini ndilo utumbo. Damu inapita wapi kufika kwenye utumbo?"

"Kwenye pindo," nikajibu mbio mbio.

"Kwenye marinda, babu! Sasa tazama." Akaisokota kanga. Marinda yote yakawa kamba. "Damu haipiti tena. Na mtu akilikanda tumbo la namna hii, anazidi kuliumiza."

Sijui kama alijua mkandaji ni nani. Nilitazama mvua.

Daktari ameufungua ule msokoto, akakata kipande kilichokuwa cheusi, urefu wa mkono wangu, akashona ncha kwa ncha. Na marinda akayashona. Hayo hayo ninayowatupia mbwa. Sasa wanaogopa mshono usije ukavuja, kwa sababu ndani ya tumbo kuna utando mwingine, umetandazwa kila mahali kama bitana ya koti, na uchafu ukiingia humo, basi.

Dresa anasema utumbo ukishikwashikwa hulala. Ukiamka, mgonjwa hujamba. Hiyo ndiyo habari wanayoisubiri. Kila asubuhi sista, mtawa mzima na rozari yake kiunoni, anainama sikioni kwa mke wangu na kumuuliza kama amejamba. Siku nyingine ningecheka mpaka nigaegae chini.

Leo nimelisikia jibu kutoka hapa nje. "Bado, sista."

Tumbo limeanza kujaa tena. Maji hapewi, namlowesha midomo tu kwa kitambaa. Sista alipotoka hakunitazama usoni.

Binti yetu Anjela ameolewa Lupiro. Mto umefurika, hawezi kuvuka. Naandika hapa kitu kibaya: nimefurahi hawezi kuvuka. Ataniuliza mama yake alikaa nyumbani siku mbili akifanyiwa nini.

Nimejaribu kusali. Nimefika katikati nikajikuta nakanda goti langu.

Mama Anjela, wewe husomi na mimi sithubutu kuyasema haya wodini mbele ya wanawake. Tangu tuoane, kila nikijamba umenifukuza nyumbani kwangu mwenyewe, hata mvua inyeshe kama hii, nami natoka bila ubishi, nakaa chini ya upenu kama kuku. Sijakudai kitu. Sasa nakudai. Msamaha sidai, huo nitauomba ukishaweza kukaa. Jamba, mke wangu. Kimoja tu, hata kile kidogo cha kujibana kanisani.