Uwanja wa Yangeyange na Mdomo Wangu

Guangzhou, Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mvua imeshika tangu alfajiri, ile mvua ya hapa isiyopunguza joto hata kidogo. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Simu nimeilaza kifudifudi mezani, na kila ikitetemeka nami natetemeka.

Nina aibu.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, nikitafuta neno jepesi zaidi la kujisitiri. Sikulipata, basi na ibaki hivyo hivyo.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Aisha, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa mtaa wa Sanyuanli mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni mikoba. Naiagiza Shiling, mji wa ngozi, na wateja wangu wako nyumbani. Na mimi ni shabiki wa besiboli. Mkitaka kucheka chekeni, hata mamangu alicheka mpaka simu ikamdondoka.

Aliyenitia ugonjwa huu ni Liang, mwenye karakana ndogo ya mikoba kule Shiling. Miaka mitano nimebishana naye bei, na katika kubishana tukazoeana kama ndugu. Vipande vya ngozi vinavyobaki huvishonea glavu za timu yake, kwa sababu Liang mwenyewe ndiye mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji akiwa na chuma usoni. Jumamosi moja akanialika nikamwone akicheza. Nikaona mtu anagonga mpira kwa gongo, anatoka mbio kituo hadi kituo, wenzake wanapiga kelele arudi nyumbani. Nikasema, lahaula, si raunda hii, ile tuliyocheza shule ya msingi! Nikapiga vigelegele peke yangu, uwanja mzima ukageuka kunitazama. Tangu siku hiyo sijakosa mechi ila nikiwa safarini.

Timu yetu ina jina la yule ndege mweupe anayeandamana na ng'ombe. Kwetu ni yangeyange, nami nawaita hivyo hivyo. Wachezaji ni watu wenye kazi zao: mmoja anauza dawa, mwingine mwalimu wa hesabu, mwingine dereva wa gari la vifurushi. Wanacheza kwa mapenzi, na msimu huu mapenzi hayo yametutesa. Mrushaji wetu hurusha mpira ukagonga wavu nyuma ya Liang, kisha huutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mwalimu wa hesabu aliwahi kusimama kituo cha tatu akishangilia badala ya kukimbia. Tumefungwa tukiwa tunaongoza, tumefungwa na timu iliyokuja pungufu. Nimerudi nyumbani na koo limekauka na hasira ambazo sina wa kummwagia.

Uwanja wenyewe uko pembezoni mwa wilaya ya Baiyun, nyuma ya maghala. Viti ni vya chuma, vina kutu, na paa linavuja upande wetu tu. Lakini ni mahali pekee katika mji huu ambapo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nauza nini au nanunua nini. Ardhi ni ya kampuni moja, mkataba wa kuikodi unakwisha, na kampuni inataka kujenga ghala jingine. Kamati ya mtaa ikaitisha mikutano miwili isikilize watu kabla ya kuamua. Wa kwanza ulikuwa Alhamisi. Wa pili ni kesho.

Sasa nifike kwenye mdomo wangu.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulifungwa tena, na timu ya walimu kutoka Foshan, tena mmoja wao ana kitambi cha kuwekea chai. Nilikuwa natoka getini nimelowa, nimefura. Bwana mmoja wa shati jeupe akanisimamisha, simu yake ikinirekodi, akaniuliza kwa upole naonaje habari za uwanja. Nikamjibu. Akatoa macho. "Mama yangu, Kichina chako safi kuliko changu!" Akaniomba niendelee.

Hapo ndipo nilipovishwa kilemba cha ukoka, nami nikakikaza vizuri kichwani.

Nilisema: "Uvunjeni. Leteni tingatinga hata kesho. Timu hii haistahili hata banda la kuku. Mrushaji wao haoni, mdakaji wao magoti yamekwisha, na sisi mashabiki ni wajinga tunaokuja kunyeshewa. Jengeni ghala, angalau ghala lina maana." Bwana akacheka, akainua dole gumba, akaomba nirudie sehemu ya kuku. Nikairudia. Mara ya pili niliisema vizuri zaidi, nikaitia madoido.

Mtu wa soko anaweza kunielewa. Ukienda soko la Shahe kununua nguo kwa jumla, unaanza kwa kuiponda. Unamwambia laoban, yaani bosi mwenye duka, kitambaa hiki chepesi, mshono huu wa kipofu, rangi itatoka kesho. Unageuza mgongo, unaondoka. Naye hakasiriki, anajua unaitaka. Ukiusifu mzigo, umeliwa. Kwa miaka sita Kichina changu kimekulia humo, na wiki nzima nimejiambia kwamba niliiponda timu kama ninavyouponda mkoba nilioupenda.

Lakini pale getini sikuwa nanunua kitu. Nilikuwa na hasira, na nilitaka kusifiwa zaidi. Basi.

Sikujua bwana yule ni wa kampuni. Kufikia Jumatatu video ilikuwa imeenea kila mahali. Njeri, rafiki yangu wa Nairobi tunayeshirikiana naye kontena, ndiye aliyenipigia. "Wee Aisha, umetrend! Kila group niko nayo, ni wewe tu! Lakini si uliwachapa vibaya, kwani walikukosea nini?" Nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka. Nilihesabu ni nani na nani wamenisifu matamshi kabla sijakumbuka kwamba mdakaji mwenye magoti yaliyokwisha ana simu pia.

Liang hakunipigia. Nami sikumpigia.

Alhamisi nikaenda mkutanoni, nikijidanganya kwamba nitatetea uwanja. Chumba cha kamati, viti vya plastiki, chai ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani, mtu wa utaratibu. Mwakilishi wa kampuni aliposimama hakusema mengi. Aliwasha video. Nikajiona ukutani, mkubwa, nimelowa, natamba. Akasema kama hata shabiki wao mkubwa, mgeni asiye na upande, anataka uvunjwe, kampuni ni nani ibishe? Dereva wa vifurushi aliangalia viatu vyake. Mrushaji alinitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Liang aliposimama. Alisimama kwa shida, mkono mmoja gotini. Akasema: "Huyu ni mgeni. Kichina chake amekiokota sokoni. Hakujua uzito wa alichosema, mtu alimchezea tu. Msimhukumu."

Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza polepole, kama anayemuuliza mtoto, kama ni kweli.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nimeipima nafasi hiyo kila siku tangu Alhamisi, nayo ilikuwa kubwa, ilitosha mtu mzima kupita.

Nikatikisa kichwa kukubali. Halafu nikaenda mbali zaidi. Nikafungua mdomo nikatoa Kichina kibovu ambacho sijakisema tangu mwezi wangu wa kwanza hapa. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi: "Mimi Kichina hapana zuri. Mtu cheka, mimi sema. Mtu cheka, mimi sema tena." Kichina hubadili maana kwa sauti kupanda na kushuka, nami niliipandisha hata pasipopanda. Watu wakacheka kwa huruma. Bibi mmoja jirani yangu akanishika mkono, akanisogezea chai yake. "Meishi, meishi," akaniambia, si neno, si neno.

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mwenyekiti akasema video iwekwe kando, isihesabiwe. Nikashusha pumzi. Kisha akafungua faili lake, akatoa karatasi mbili. Akasema ili haki itendeke pande zote, basi na barua ya wageni wanaoomba uwanja ubaki iwekwe kando, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mgeni huenda hajui uzito wa anachosema.

Barua ile ni ya Neema. Neema ni binti wa Morogoro, yuko hapa kwa ufadhili, anasoma uzamili, na hukaa safu ya nyuma yangu kila mechi na daftari lake. Aliiandika kwa mkono, kwa Kichina, kurasa mbili, akakusanya sahihi za wanafunzi wenzake wanaokuja uwanjani. Nilikuwa nimeisoma. Ilikuwa nzuri kuliko chochote ninachoweza kuandika kwa lugha yoyote. Ilieleza jinsi mtu aliye mbali na kwao anavyohitaji mahali pa kupiga kelele pamoja na wenyeji.

Neema akasimama, akajieleza. Kichina chake kilikuwa kimenyooka, hakuna neno lililomkwama. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu matamshi yake, akamrudishia barua kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Halafu akaendelea na ajenda.

Nje alinisubiri chini ya baraza. Nilidhani atanipita. Neema hana sauti kubwa hata akikasirika, na afadhali angekuwa nayo. "Dada Aisha," akasema, "shikamoo yako nitaendelea kukupa, maana wewe ni mkubwa wangu. Lakini hii lugha mimi nimeisoma miaka minne, mwaka wa kwanza nikilia. Leo nimeongea mle ndani nikaonekana kasuku."

Nilimwambia pole, neno lile lile tunalomwambia mtu aliyejikwaa.

Tangu hapo sijatoka ila kununua mkate. Kwenye magroup ya wenzetu wengine wananitania, wengine wananilaani kwamba nimetupaka matope sote. Wote wanazungumzia video, maana ndiyo waliyoiona. Ile video ni ukali wa mtu mwenye hasira, na ukali ningeweza kuuombea radhi nikalala. Kinachoninyima usingizi ni ile sentensi mbovu niliyoitengeneza kwa akili zangu timamu. Mrushaji wangu asiyeona shabaha angalau hurusha kwa nia njema.

Asubuhi hii nikashindwa kuvumilia, nikampigia Liang. Nilisikia cherehani nyuma yake, Jumapili kwake ni siku ya kazi. Sikumpa salamu ndefu. Nikamwambia kwa Kichina changu chote: "Laoban, siku ile getini nilielewa kila neno nililolisema. Na Alhamisi pia."

Cherehani ikanyamaza.

"Najua," akasema. "Miaka mitano unanishusha bei kwa Kichina hicho. Nani anakijua kuliko mimi?"

Nikamuuliza kwa nini basi alisimama akasema vile. "Watu wote walikuwa wanakutazama," akasema, "na ulikuwa umekaa peke yako."

Nililia, nami si mtu wa kulia kwenye simu. Liang ndiye nahodha. Kamati inamjua tangu ujana wake, neno lake lina uzito pale kuliko la kampuni. Alilitoa hilo neno akalitumia kunifunika mimi, mimi niliyemtukana magoti yake mbele ya mji mzima.

Nikamwambia kesho nataka kusimama niseme kweli. Akaniambia bila kupamba: video itarudi mezani, na yeye ataonekana mwongo mbele ya watu waliomwamini. Huenda uwanja ukaenda kwa sababu hiyo. Nikamuuliza, basi ninyamaze? Hapo ndipo aliponishinda kabisa.

"Barua ya yule binti ni nzuri," akasema. "Niliisoma mara mbili. Njoo mapema, viti vinajaa."

Akawasha cherehani yake.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Nimejaribu kutafuta njia ya katikati, ya kurudisha barua ya Neema bila kuirudisha video, nami ni mfanyabiashara, njia za katikati ndizo kazi yangu. Sijaiona. Huenda kesho nikaupoteza uwanja ninaoupenda kwa kusema ukweli, baada ya kuutukana bila sababu. Wachezaji watakuwepo na wake zao. Shati jeupe atakuwepo na simu yake, na safari hii najua anarekodi kwa niaba ya nani.

Naogopa. Nimefikiria mara mbili kusingizia homa.

Sitasingizia. Mkutano ni saa nne asubuhi, nami nitasimama kabla hawajafungua faili lolote. Habari za video nitazieleza, na za Liang, na hukumu yao nitaipokea. Lakini nitaanza na Neema. Nitamwomba radhi kwa Kichina, taratibu, kila sauti mahali pake, na hakuna mtu mle ndani atakayeweza kusema sikujua ninachosema.