Mwanangu Anajifunza Kuuliza Habari

Jumapili, Agosti 1979. Upepo mtupu.

Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Tangu asubuhi unazoa mchanga wa mtaa wetu wa Kiwanjani, hapa Isiolo, na kunimwagia kwenye sufuria, na mimi leo sina nguvu ya kugombana nao. Ekiru wangu ameondoka na basi la asubuhi. Nimemsindikiza, nimekwenda kanisani, nimeimba wimbo mzima bila kujua naimba nini. Sasa ni alasiri, nimekaa mlangoni na cherehani sijaigusa.

Nina furaha. Niseme hilo kwanza, kwa sababu kurasa za wiki hii yote nimeziandika kama mtu aliyefiwa.

Alipomaliza mafunzo ya kuruti nilicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nilidhani magumu yamekwisha. Amekimbizwa, ametambaa kwenye matope, amepigiwa kelele na kila mwenye cheo, basi, sasa ni askari. Kumbe bado! Afande mmoja aliwapanga mstari akauliza nani anatoka Isiolo, na mwanangu, kwa kiherehere alichorithi kwa baba yake, akainua mkono. Hapohapo akaandikwa kozi ya lugha, Kisomali. Kwa wakubwa wa kule Nairobi, mtu wa Isiolo ni Msomali, ni Mborana, ni Mturkana, ni Mmeru, yote kwa pamoja. Mtoto wa Kiturkana aliyesomea bweni kule Meru! Kisomali chake kilikuwa cha kununua maziwa na kutukanana kwenye mpira.

Alikuja likizo wiki iliyopita akiwa amenywea kabisa. Mtihani wa kwanza wa kuzungumza alikuwa ameanguka. Akirudi anapewa wa pili, na akianguka tena anatolewa kwenye kozi, anarudishwa kikosini.

"Mama, wanirudishe tu," aliniambia. "Bunduki haitaki maneno mengi."

Nilimjia juu mpaka kuku wakatoka jikoni. Sikumwambia sababu, lakini hapa naweza kuiandika. Naogopa. Baba yake yuko kazi ya barabara huko upande wa Marsabit, anarudi mwisho wa mwezi, na mimi ndiye ninayelala na mawazo. Nimejiambia kwamba askari anayejua lugha huitwa kuongea na watu kabla hawajaanza kupigana. Huenda jeshini mambo hayaendi hivyo hata kidogo. Lakini ndivyo ninavyomwomba Mungu.

Kwa hiyo nilitafuta mwalimu, na mwalimu sikumtafuta mbali. Mama Safia, jirani yangu, Msomali, anauza maziwa ya ngamia na wenzake pale kwenye kibanda karibu na msikiti. Tumepakana ua kwa ua tangu alipohamia hapa, Ekiru akiwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyemshonea Safia nguo ya harusi. Siku maziwa yakiwa machache, yangu huyatenga kwanza. Nikasema, huyu hawezi kuninyima.

Sasa ujinga wangu.

Jumatatu asubuhi nilichukua pasi ya makaa nikazinyoosha zile nguo za jeshi mpaka mistari ikasimama. Nikamwambia Ekiru avae zote, na kofia, na buti. Yeye alitaka kuvaa shati la kawaida. Nikakataa! Nilitaka wale akina mama wamwone. Nilitembea mbele yake nimeinua kidevu, mama wa askari, na upepo ukinisukuma nyuma kama shangazi aliyechoka kusubiri harusi.

Tulipofika kibandani kelele zote zilikatika. Bibi mmoja alifunga kibuyu chake taratibu, akainuka, akaenda zake. Mwingine akavuta mtoto wake kwa mkono. Mama Safia hakumtazama mwanangu hata usoni. Alinitazama mimi.

"Mama Ekiru, umeniletea serikali asubuhi yote hii?"

Niliona haya, jamani. Mtu wa Isiolo mimi, niliyekuwa hapa ile miaka ya sitini ya vita vya shifta, serikali ikipigana na Wasomali waliotaka kujitenga, niliyejua kabisa watu walivyokuwa wakinyamaza wakiona nguo hizo zinakuja, nikazinyoosha kwa pasi na kuzipeleka kibandani kama zawadi. Tulirudi nyumbani. Ekiru alivua buti akalala kifudifudi.

Alasiri nilikwenda kwa Mama Safia peke yangu na sukari na majani ya chai. Sikuomba chochote. Nilikaa tu. Tulikunywa kikombe cha kwanza tukisema upepo, cha pili tukisema bei ya mahindi. Nilikuwa nimeshika mlango wa kutoka ndipo akanena, bila kugeuka, akisugua kibuyu chake.

"Mtoto ni mtoto. Ile nguo ndiyo siijui. Kesho mlete na kikoi."

Nililia njiani, na kwa bahati upepo ule ulinipa kisingizio cha mchanga machoni.

Tangu Jumanne basi, askari wa Jamhuri akawa mbeba maziwa. Gari la kutoka malishoni likifika yeye ndiye anayeshusha vibuyu, kikoi kiunoni, kandambili miguuni. Wale mama walimgawana kama mboga. Huyu anamfundisha hili, yule anamkemea kwa lile, na yule bibi aliyekimbia Jumatatu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akimpiga kidogo begani kila akikosea. Mimi nilikuwa nikipita pale nikijifanya nina safari, nikisikia wanavyocheka.

Ekiru alinieleza kilichowachekesha. Darasani alikuwa amefundishwa kuuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, mko wangapi. Alipomwaga maswali hayo kibandani, Mama Safia alimwambia hayo ni ya kizuizi cha barabarani, mtu akiulizwa hivyo anafunga mdomo. Kwao mgeni haulizwi kitu kabla ya salamu kukamilika, na salamu yenyewe ni safari nzima. Unauliza amani. Unauliza watu wa nyumbani, mifugo, mvua, njia. Kisha ndipo unasema neno moja, *warran*, yaani toa habari, na ukishalisema unanyamaza. Anayeambiwa hana budi kutoa habari zake zote, za kweli, na akimaliza anakurudishia wewe.

Kila siku alikuwa akianguka mahali. Jumatano alifika kwenye mifugo akakwama. Alhamisi alivuka mvua, akasahau njia, bibi akamrudisha mwanzo. Nyumbani alikuwa akimsalimia kuku. Akila anasalimia ugali. Nilimwambia ukinisalimia tena nakupiga na mwiko, naye akaniuliza hali ya mifugo yangu. Siku nyingi sikuwa nimecheka hivyo ndani ya nyumba hii.

Jana, Jumamosi, ndiyo nataka kuiandika vizuri.

Alirudi saa kumi na moja akakaa hapa nilipokaa mimi sasa. Nilidhani wamemgombeza. Nikamuuliza vipi, umekwama tena? Akasema hapana, Mama. Leo nimemaliza yote.

Alikuwa ameisema salamu tangu mwanzo hadi mwisho, kibanda kizima kikisikiliza. Mama Safia akamwambia *warran*. Naye akatoa habari zake kwa Kisomali chake cha kuchechemea, kwamba aliinua mkono ovyo, kwamba ameanguka mtihani, kwamba mama yake ana hofu na anadhani yeye haoni. Ndiyo, alisema hivyo, mbele ya watu! Halafu, kama alivyofundishwa, akamrudishia. *Warran*. Akanyamaza.

Mama Safia akaweka kibuyu chake chini. Kisha akatoa habari.

Alizungumza polepole, akirudia maneno, ili mwanangu asiachwe nyuma. Akamwambia Safia si mtoto wake wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mvulana, Abdi. Ile miaka ya shifta, Abdi alitoka asubuhi kufuata ngamia waliopotea upande wa Biliqo. Ngamia wawili walirudi wenyewe. Abdi hakurudi, na mpaka leo hajui amkasirikie nani, kwa hiyo anaogopa kila aliyebeba bunduki, wa serikali na wa porini.

"Mwambie mama yako," alimwambia Ekiru mwishoni. "Mimi kwa Kiswahili nimejaribu nikashindwa. Kiswahili changu ni cha kuuza maziwa."

Niliweka mwiko chini nikashika kichwa. Miaka yote hii, ua kwa ua! Kila siku natumia maziwa yake, namuuliza habari ya asubuhi, anasema nzuri, na mimi naondoka. Kwetu sote hapa mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na huyu nimemwita kwa wa pili maisha yangu yote, naye anaitika.

Na habari hiyo ameitoa kwa askari. Hilo linanishangaza hadi sasa hivi ninavyoandika. Mwanangu alikuwa na kikoi, sawa, lakini jirani yangu alijua vizuri ni nani aliyekaa mbele yake na anarudi wapi.

Ekiru naye amebadilika tangu jana. Leo kituoni sikumwona yule mtoto aliyelala kifudifudi Jumatatu. Alinikumbatia akaniambia mtihani ni wiki hii, niombe, lakini hata akianguka ataomba wamjaribu tena, hataki tena kurudishwa kikosini. Nikamwambia wewe panda basi kabla sijaanza kulia mbele ya makanga. Akapanda. Alikaa dirishani na midomo yake ikitembea, na nilijua yuko kwenye mifugo, anaelekea mvua.

Nitaomba afaulu. Nafikiri atafaulu. Moyo wangu leo ni mwepesi kwa namna ambayo siwezi kuieleza, na bado una uzito wa mtu mwingine ndani yake.

Nilipotoka kanisani nilipitia kwa jirani yangu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimepanga maneno, na nilipofika mlangoni yote yakapotea. Alikuwa ameinama akifukiza vibuyu vyake kwa moshi, mgongo kwangu. Nikasema lile lililobaki.

"Mama Abdi."

Mikono yake ilisimama. Hakugeuka. Nikaanza kujilaumu, nikasema moyoni, wewe mwanamke na mdomo wako, umeharibu tena.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.