Hii Naivumilia Tu Mpaka Mpya Itoke

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinicheke, maana waliokwisha kunicheka wanatosha. Mimi ni kinyozi, nina mchumba mshona mapazia, binti mtulivu mwenye msimamo, na nina simu ambayo nywele za wateja zimejaa kwenye spika, kiasi kwamba mtu akinipigia yeye ananisikia vizuri ila mimi sisikii hata neno, na fundi simu yuko ng'ambo ya barabara, alishaniambia kuisafisha ni kazi ya kunyoa kichwa kimoja tu, lakini nilikataa kwa sababu kuna simu mpya iko njiani, inasemekana itakunjwa mara tatu kama leso, chaji itakaa wiki nzima, itapiga picha mwezi mpaka uone mashimo yake, itatafsiri lugha zote na kusikia hata mnong'ono, sasa kutengeneza ya zamani nikaona ni sawa na kupiga rangi nyumba ya kupanga unayohama kesho.

Basi nikajitafutia njia. Rika langu wakipiga nakata, nawaandikia "nitumie ujumbe", lakini wazee hawaandiki, wao wanapiga, na mzee hakatiwi simu, kwa hiyo napokea, nasema "shikamoo", nangoja kidogo, nasema "ndiyo, mzee", nangoja tena, nasema "nashukuru sana, wasalimie nyumbani", na mambo yakaenda vizuri mpaka nikasifiwa kwa adabu. Kumbe wiki iliyopita binamu wa mchumba wangu alikuwa kwenye kiti changu, uso umefunikwa taulo la moto, mteja aliyekuwa akingoja zamu akaniuliza, "Vipi, bado unayo ile?" nami nikajibu, "Hii naivumilia tu, nimeshaichoka, ikitoka mpya naitupa," na yule chini ya taulo hakuiona simu mkononi mwangu, akaamini namsema dada yake, tena nimemwita "hii" kama ndoo.

Mjomba wao akanipigia, na nimekuja kujua baadaye kwamba alikuwa anauliza kama ni kweli nimeghairi, na kama wamwambie binti asiningoje. Mimi, kwa adabu zangu, nikasema, "Ndiyo, mzee." Nikangoja. "Nashukuru sana, wasalimie nyumbani."

Mchumba wangu akaniandikia: "Kuniacha nimekubali. Lakini kumshukuru mjomba?" Akaongeza kwamba mapazia aliyoshona kwa ajili ya chumba chetu yamepata mteja, yanachukuliwa Jumamosi, kisha akanifungia na ujumbe wangu hauendi tena. Mshauri, sili, na jana nimemnyoa mtu ndevu alizotaka zibaki. Nampenda sana huyu binti. Niambie, ninunue simu iliyopo dukani nimpigie mjomba, au nivumilie ile ya kukunjwa, maana wanasema inatoka karibuni?

Kinyozi Mwenye Adabu

MSHAURI ANAJIBU

Kinyozi Mwenye Adabu,

Barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye swali. Mke anakuponyoka, na wewe mawazo yako bado yako dukani?

Hebu niambie, mwanangu, mwezi unautakia nini? Hizo lugha zote za dunia utatafsiriwa za nini, wewe uliyeshindwa na lugha ya mjomba? Simu hiyo ikitoka leo, kesho watatangaza ya kukunjwa mara nne, nawe utaanza kuvumilia upya. Watu wa aina yako mkiulizwa mnataka nini kwenye simu inayokuja, mnataja yote isipokuwa kupigiwa na kusikia. Mtaka yote hukosa yote, na wewe umeshaanza kukosa.

Na hiyo adabu yako usiniuzie. Kumwitikia mzee usiyemsikia ni kumdharau kwa sauti nzuri. Ungesema tu, "Mzee, simu yangu mbovu, nakuja mwenyewe," leo usingekuwa unaniandikia mimi.

Sasa sikiliza. Hununui simu yoyote. Hiyo mbovu mpelekee fundi leo hii afukue hizo nywele zako. Wakati anafukua, funga kibanda uende kwa mjomba kwa miguu yako, usitume rafiki wala shangazi. Mweleze yote, habari ya spika, ya taulo na ya hiyo "hii". Atakugombeza, mwache amalize, na safari hii usifungue mdomo mpaka umesikia swali. Kisha omba binti aitwe, umwombe radhi mbele ya mjomba wake, na umwite kwa jina lake. Habari za simu inayokuja usizitaje hata kidogo, maana ukizitaja mimi nitakuwa upande wa mjomba.

Mjomba akikuuliza, kabla hajamwita binti, kama ulikuwa mpumbavu, jibu, "Ndiyo, mzee." Akikuuliza kama bado unamtaka binti yao, jibu ndiyo tena, kwa nguvu, mpaka akusikie na yule anayekunja mapazia chumba cha pili.