Mkono Uliopanda Wenyewe

Shoga, uko wapi? Soma hii na usinicheke.

Nimetoka kwa yule mwalimu wa yoga uliyenipeleka kwake kwa ajili ya shingo. Leo ametulaza chali mkekani, tufumbe macho, tupumue polepole. Mara mkono wangu ukapanda wenyewe ukaniziba mdomo. Wenyewe, shoga! Nikaushusha, ukapanda tena. Nikaangua kilio mbele ya watu wote.

Mwalimu akachuchumaa pembeni yangu, akaniuliza taratibu, "Nani alikuziba mdomo?"

Hakuna! Naapa, sikumbuki mtu yeyote.

Nikampigia mama hapohapo, niko peku nje ya mlango. Nikamsimulia yote. Akasema, "Bibi yako aliniziba mimi, siku watu walipovunja mlango tukajificha chini ya kitanda. Na wewe ulipokuwa mchanga, nilikuziba kila mtu alipobisha hodi. Nilidhani umesahau."

Umesahau! Nilikuwa nanyonya!

Mwalimu anasema mwili uliojifunza woga unaweza kufundishwa upya, pumzi kwa pumzi. Nirudi Alhamisi, niende na mama. Na mama kakubali, mama yangu huyu huyu unayemjua!

Sasa sikia kilichonitoa jasho. Nimefika nyumbani, nimempakata mwanangu, jirani akabisha hodi kuulizia ufunguo wa geti. Nikatazama chini.

Mkono wangu umemziba mtoto mdomo.

Na wala hakushtuka, shoga. Kazoea.