Kitu cha Kugusika

Jumapili, 3 Agosti 2025

Zamu ya Mama kwenye chama imefika! Jumapili ijayo wanawake kumi watakuja hapa kwetu Jericho, wanywe chai, wamwachie mchango. Umefika wakati wake. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, la kushoto linafuata. Daktari alisema upasuaji usivuke mwaka huu. Mchango unatosha, karibu sawasawa.

Nikamwambia: basi, hospitali. Akasema hapana. Anataka televisheni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeelewa. Afadhali nisingeelewa.

Sheria ya chama: pesa inunue kitu cha kugusika. Si karo, si dawa, si kodi. Mwezi unaofuata wanakuja kukikagua — wanakipapasa kama ng'ombe mnadani. Na aliyetunga sheria ni mwenyekiti. Yaani Mama! Alichoka kuona mume wa mwenzao Ndunge akinywa zamu za mkewe.

Tangu hapo nyumba zao zinapendeza. Clare ana friji ya milango miwili. Haiwashi, anaogopa bili ya stima. Anaweka humo nguo za kanisani. Haziingii vumbi, anasema.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimemtungia Mama uzi kwenye sindano mara tisa. Sweta moja ya shule, ya mteja wake, kaishona mikono yote upande mmoja. Tumeifumua kimya kimya.

Nikamuuliza: televisheni ya nini, ya kusikiliza?

"Si wewe utakuwa ukinisimulia."

Nikacheka. Kisha nikajikasirikia kwa kucheka.

Nikashauri aende hospitali, halafu siku ya ukaguzi tuazime televisheni ya jirani yetu Bwire. Digrii nzima, na hilo ndilo wazo nililopata. Akaniita mwizi, kwa upole. Anasema akivunja sheria yake mwenyewe, Ndunge atamtazama kwa uso gani? Nikataka kumwambia hatauona huo uso. Sikusema. Naandika hapa badala yake.

Jumapili, 10 Agosti

Niko jikoni. Naandika nyuma ya karatasi ya unga.

Mama alisimama akatangaza: televisheni, inchi hamsini na tano. Makofi! Mimi nikiwa na birika mkononi. Ikanitoka — "Mama haoni!"

Kelele.

Triza, mweka hazina, akauliza: kwani jicho ni kitu cha kugusika?

"Gusa lako uone!" Ndunge akamjibu.

Wakacheka, hata Clare. Ndunge akataka kura: sheria ikae kando, mara hii tu. Mikono ikainuka ya kukubali, kisha ya kukataa. Mwenyekiti atangaze. Mama akatazama upande wa dirisha, ambako hakukuwa na mtu. Akasema anakuja, aangalie chai kwanza.

Sasa yuko hapa, ameshika ukingo wa meza. Ananong'ona: ilikuwa mikono mingapi?

Mitano ya kukubali. Mitano ya kukataa. Nimesema kweli, ingawa uongo ulikuwa karibu zaidi mdomoni. Iliyobaki ni kura yake.

"Ndunge yuko nami, najua. Triza je?"

"Upande wako, Mama. Amekubali."

"Triza?"

"Triza."

Sebuleni wameanza wimbo wa pili, wanavuta ubeti makusudi, kumpa muda. Amegeuka. Mkono wake wa kulia umeinuka nusu — sijui ni kura, au anatafuta mlango.