Kumfuta Rui

Fussa, Tokyo
23 Juni 1989

Mpendwa Mjomba Kiyotaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima huko ng'ambo, Belém, na kwamba mguu wako umepata nafuu. Sisi tuna afya, ila mvua za Juni hazikatiki na rangi za mama hazikauki. Ametandaza karatasi zake za plastiki hadi mahali ninapoweka godoro, kwa hiyo siku hizi nalala jikoni.

Bado anapaka rangi katuni za sinema hapa nyumbani. Bwana Hamanaka wa studio huleta kwa gari michoro iliyochorwa kwenye karatasi hizo, mama huipaka kwa upande wa nyuma, kila sehemu na chupa yenye namba yake. Kazi ya sasa ni filamu ya mji wa miaka mingi ijayo, wenye roboti na maghorofa yaliyofunika jua.

Mwezi wa nne mama aliniita. "Njoo umwone mwenzako," alisema. Alikuwa Rui, fundi wa pikipiki anayeongoza waasi, na namba ya ngozi yake ilikuwa ya kahawia. Mjomba, picha yangu umeiona, unajua nimechukua weusi wa baba kuliko sura ya mama. Nimetazama katuni nyingi za miji ya kesho. Watu wa kila taifa hupita barabarani nyuma ya picha, lakini anayezungumza, anayependwa, anayebaki hai, si mmoja wao. Mweusi akionekana ni jambazi au mlinzi wa mlangoni. Rui alikuwa na mzaha, alikuwa na dada anayemgombeza, na midomo yake ilikuwa kama yangu.

Nilimweleza rafiki yangu Chizuko, naye akalieleza darasa zima. Segawa, anayeniita Mkate Ulioungua tangu tulipokuwa wadogo, alisema, "Kumbe tunasoma na nyota wa sinema. Tutakuja wote kukutazama, usije ukajificha." Walipanga kwenda pamoja siku filamu itakapotoka. Mimi nisiyefungua mdomo darasani nikasema nitawapeleka.

Wiki iliyopita Bwana Hamanaka alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Dada, usinichape. Rui amebadilishwa."

"Amebadilishwa nini?"

"Ngozi. Wakubwa wanasema katika giza la ule mji haonekani. Na wenye kiwanda cha midoli hawamtaki hivyo, eti mdoli wake hautanunuliwa."

"Haonekani, na mmemmulika taa za kila rangi usoni?"

"Mimi ni dereva tu. Nigombeze utakavyo, lakini Ijumaa nazifuata karatasi."

Namba mpya ni ya ile chupa ya weupe iliyoandikwa "rangi ya ngozi", kana kwamba ngozi ni moja duniani.

Rangi hizi hutoka kwa maji. Mama asingemaliza peke yake, akaniomba nimsaidie. Nilikaa na kitambaa kibichi nikimfuta Rui, uso baada ya uso. Mistari hubaki, macho hubaki, shavu linakuwa tupu na unaona mkeka chini yake. Mama hakuniangalia. Alisema tu, "Taratibu, usikwaruze."

Shuleni sijamwambia mtu. Segawa bado anahesabu nani atakuja. Mama anasema siku hiyo nijifanye mgonjwa, lakini kesho yake nitaingia darasani hivi hivi nilivyo.

Uliuliza kama bado nataka kusomea uchoraji. Nilitaka, Mjomba. Sasa sijui ningemchora nani ambaye wangemwacha kama alivyo.

Kahawia iliyobaki haikutupwa. Jana Bwana Hamanaka alileta fungu la mwisho, genge linalomvamia Rui darajani. Hawana majina wala neno la kusema. Mkono wa mama ulikuwa unauma, akanipa brashi kwa mara ya kwanza. Nimewapaka wote kahawia bila kuvuka mstari hata mmoja, mama mwenyewe amenisifu. Wote wanakufa pale darajani, na Rui ndiye anayewaua.

Nisalimie mkaza mjomba Lúcia, na binamu zangu Julio na Hatsue. Mama anakusalimu, anasema ataandika mvua zikiisha. Wazee wetu waliotangulia wawalinde huko mliko.

Ni mimi mpwa wako, mwenye kukupenda daima,
Sayoko