Nimekunywa Maji ya Makumbusho

Somo Kamnoi, kitendawili! Kiko barazani, kina maji, kina kata, na ukinywa unalizwa kengele.

Mtungi wa makumbusho! Nimekunywa mimi, mbele za watu!

Si unajua leo mjukuu wangu Pikun ameanza kazi ya kuongoza wageni kule makumbusho? Nikaenda kumwona. Mlangoni wakaninyang'anya chupa yangu ya maji. "Bibi, plastiki inaua dunia." Haya. Na viyoyozi wamezima, kwa ajili ya dunia hiyohiyo. Mwezi wa nne, Somo! Kwetu huu ndio mwezi wa jua kali kuliko yote!

Ndani wamejenga nyumba kama za bibi zetu, mtungi barazani. Sasa mtungi wa barazani ni wa nani kama si wa mpita njia? Nikachota, nikanywa. Kengele ikalia utadhani nimeiba sanamu hekaluni.

Mkurugenzi akaja mbio. "Mama! Hayo ni maji ya maonyesho!"

Maji ya maonyesho, Somo!

"Nani kamleta huyu?"

Pikun akainua mkono. "Ni bibi yangu." Nikajua kazi imekwenda.

Kumbe nyuma yangu watu wenye kiu wameshapanga foleni, na mwandishi wa gazeti anawapiga picha. Mkurugenzi akaitazama kamera, akatabasamu. "Tumetafiti mwaka mzima namna ya kuwaachisha wageni chupa, na jibu ndilo hili."

Mwaka mzima! Mtungi!

Pikun kabaki kazini, na cheo juu: msimamizi wa mtungi. Ameninong'oneza, "Bibi, ukija tena, tafadhali usilale kwenye kile kitanda cha maonyesho."